Rangi ya Yovka

Benchi lile liko katikati ya vitu vitatu ambavyo mtu wa mji ule mdogo hawezi kuvikwepa. Nyuma yake ni studio ya picha ya Radina. Kulia kwake ni mashine ya kahawa, inayomeza sarafu na kutoa kikombe cha plastiki. Mbele yake ni ubao wa matangazo ya vifo, wenye pande mbili: upande mmoja unatazama benchi, wa pili unatazama kituo cha basi. Kila asubuhi wazee wa benchi hununua kahawa, huketi, na kusoma nani ameondoka, kwa sauti ya watu wanaosoma matokeo ya mpira. Kila karatasi ina ukingo mweusi na picha ya marehemu. Ziko za waliokufa jana, za waliotimiza siku arobaini, za miezi sita, za mwaka; kwa hiyo mtu akifa pale haondoki kwa mara moja, hupunguzwa kidogo kidogo. Mashine ya kahawa ina vitufe sita, cha kahawa fupi, ndefu, ya maziwa na kuendelea, na vyote sita hutoa kahawa ileile. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kila mtu ana kitufe chake anachokipenda.

Jumatano moja mwanzoni mwa Juni, miti ya barabarani ikinukia asali, Naiden Gospodinov aliketi katikati ya benchi na picha nne za uso wake magotini. Umri wake ulikuwa miaka sabini na tisa. Benchini aliitwa Tangi, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la tangi la maziwa, akizunguka vijijini kabla jua halijatoka. Vijana walimwita Bai Naiden, kama wanavyoitwa wanaume wote wa pale waliokwisha kupata mvi na haki ya kukaa.

Kushoto kwake aliketi Waziri. Jina lake hasa ni Tsanko, na uwaziri wake ulitokana na kumwendesha naibu waziri mmoja kule mji mkuu, Sofia, kwa miezi mitatu, zamani. Tangu hapo Tsanko hatoi maoni, anatoa matamko. Kulia kwake aliketi Kemia, yaani Valko, aliyekoroga rangi katika kiwanda cha ngozi mpaka kucha zake zikabaki na ubuluu usiotoka. Kemia anajua vitu vyote vimetengenezwa na nini. Asichojua ni kunyamaza.

Shida ya Naiden ilikuwa ndogo, ukiisikia kwa haraka. Mkewe Yovka alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Juu ya jiwe la kaburi kuna vishimo viwili vyenye umbo la yai, vya kubandikia picha zilizochomwa kwenye kigae. Kishimo cha kulia kina Yovka. Cha kushoto ni cha Naiden, na chini yake jina lake limekwisha kuchongwa, na mwaka wa kuzaliwa, na kistari, na baada ya kistari hakuna kitu. Mvua ikinyesha, kishimo kile hujaa maji, na kuna ndege mmoja mdogo wa mkia mrefu huja kunywa humo. Kwa miaka kumi na mmoja Naiden alimwachia ndege nafasi yake bila kinyongo.

Sasa alitaka kukijaza, tena kabla ya Jumamosi. Jumamosi hiyo ilikuwa ya wafu, siku ambayo mji mzima hupanda makaburini na ngano ya kuchemsha, divai na matunda ya kwanza ya cheri. Kigae kingechomwa mji wa jirani. Ili kirudi Ijumaa, ilibidi Radina atume picha leo kabla ya saa sita mchana.

Hakuna aliyejua kwa nini haraka hiyo imezuka ghafla. Katika mfuko wa ndani wa koti lake, Naiden alikuwa na barua ya hospitali ya Plovdiv. Jumatatu angepasuliwa moyo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwa umri wake nafasi ni nzuri, na alilisema neno nzuri kama mtu anayeuza gari kuukuu.

— Hebu tueleze tena, Waziri alisema. Una picha safi. Imepigwa juzijuzi, kwa kamera ya kisasa. Kila kunyanzi liko mahali pake. Kwa nini unaomba ichafuliwe?

Naiden alieleza tena, kwa subira. Picha ya Yovka aliipiga yeye mwenyewe mwaka 1986, kwenye bustani ya dada yake, kwa kamera ya filamu. Rangi zake ni za siku zile: wekundu kidogo, ulaini, chembechembe kama unga uliopeperuka. Yovka anacheka. Picha ya Naiden ya siku hizo haipo hata moja, maana mshika kamera daima alikuwa yeye. Na hii mpya, ukiiweka pembeni ya ile, Yovka anaonekana katoka harusini, naye Naiden katoka polisi kuchukua kitambulisho.

— Ni kweli, Kemia alisema. Mnaonekana kama mtu na askari wake.

— Ahsante, Kemia.

— Nasema ukweli. Ukweli nautoa bure.

Basi Radina alikuwa amefungua ile programu yake ya kompyuta inayoigiza filamu za zamani. Unaipa picha mpya, unaichagulia filamu na mwaka, unasogeza alama kwa kipanya, na picha inazeeka mbele ya macho yako. Alikuwa amemtolea Naiden picha tano. Namba moja ilikuwa ile tupu, isiyoguswa. Namba mbili ilipakwa filamu ya nchi za Magharibi, na Naiden akatokea na rangi ya mtu aliyekula machungwa likizo nzima. Namba nne ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya heshima, ila Waziri alisema inamfanya aonekane mtu aliyepigwa risasi kwa ajili ya taifa. Namba tano ilikuwa na mwanga uliovuja pembeni, kama vile filamu ilifunguliwa juani, na nusu ya sikio la Naiden ilikuwa inawaka moto.

Namba tatu ndiyo aliyoipenda. Wekundu uleule, chembechembe zilezile. Na namba tatu haikuwa magotini mwake.

— Waziri, iko wapi namba tatu?

— Iko kwa wananchi.

— Wananchi gani?

Waziri alipiga fundo la kahawa bila haraka. Alisema jambo zito kama hili haliwezi kuamuliwa na watu watatu wenye miwani mitatu tofauti. Kwa hiyo asubuhi, wakati Naiden akitafuta sarafu, yeye aliichukua namba tatu ikaguliwe na umma. Majibu yatakuja. Naiden alimfahamu Waziri kwa miaka hamsini, akaona ni afadhali asiulize zaidi. Kila alipomuuliza Waziri zaidi alipata zaidi.

Mlango wa studio ulifunguliwa, Radina akatoka na kikombe chake mwenyewe cha udongo, maana yeye hanywi kahawa ya mashine. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, aliyerithi studio kutoka kwa baba yake.

— Bai Naiden, mchoma vigae amepiga simu. Saa sita kamili anawasha tanuri. Umeamua?

— Wananchi bado wanahesabu kura, Kemia alimjibu.

Radina alicheka, akaketi kwenye kizingiti. Waziri akamgeukia kwa upole wa hakimu. Alimkumbusha kwamba marehemu baba yake alitumia miaka arobaini kupangusa vumbi kwenye filamu kwa unyoya wa bata. Mtu akitokea na doa dogo shavuni, mzee alikuwa halali. Sasa binti yake anabonyeza, na vumbi linakuja lenyewe. Aliuliza kama hilo ndilo linaloitwa maendeleo, au kama kuna neno jingine.

— Vumbi la baba lilikuwa la bahati mbaya, Bai Tsanko, Radina alisema. Langu naliweka kwa kipimo. Asilimia kumi na mbili.

— Asilimia kumi na mbili, Kemia alirudia. Mnasikia. Vumbi limepata elimu.

— Na chumba cha giza cha mzee, cha kusafishia filamu? Waziri aliuliza.

— Naweka pilipili za siki. Zinapenda giza.

Baada ya hapo ilikuwa lazima Kemia afafanue, na akafafanua. Alisema programu ile ni utapeli, kwa sababu haijui filamu imetengenezwa na nini. Filamu, kwa taarifa yao, imepakwa ute unaochemshwa kutoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Ni supu iliyokauka. Sasa ng'ombe wa mwaka 1986 walilishwa nini? Makapi ya viazisukari na viazi vyekundu, kutoka mashamba ya ushirika. Kwa hiyo ule wekundu wa Yovka si wa filamu, ni wa viazi. Kompyuta ikitaka kuigiza kwa haki, kabla ya kuuliza mwaka iulize ng'ombe.

— Mimi nilibeba maziwa ya hao ng'ombe miaka thelathini na mmoja, Naiden alisema. Yalikuwa meupe.

— Maziwa ndiyo. Sijasema maziwa. Mfupa.

Waziri alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema habari za mifupa ni za watu wa chini. Yeye, akiwa kwenye usukani na masikio yake yakiwa huru, alisikia kwenye kiti cha nyuma mambo mengine kabisa. Wekundu ule uliamuliwa na kamati. Kulikuwa na nyama kidogo madukani, sivyo? Basi ikaamuliwa filamu zote zitie mashavu wekundu, ili mtu akitazama albamu yake aone alikuwa ameshiba. Kamati ilikaa siku mbili, ikala nyama, ikapitisha.

Mwokaji wa mkate upande wa pili wa barabara alitoka kutupa maji. Alimwona Naiden. Akasimama, akafanya ishara ya msalaba polepole, akarudi ndani na ndoo yake ikiwa bado na maji.

— Ana nini huyu leo? Naiden aliuliza.

— Heshima, Waziri alisema. Habari za jiwe lako zimeenea.

Hapo Waziri alinogewa. Alisema hatari yenyewe hawajaiona bado. Je, wanadhani programu ile inatengenezwa kwa ajili ya kufurahisha watu? Ukichagua mwaka 1986, mahali fulani panaandikwa kwamba uko mwaka 1986. Kesho ofisi ya pensheni inafungua kompyuta, inamkuta Naiden Gospodinov, dereva, mwenye sura ya 1986, yaani mtu wa miaka thelathini na tisa, na anapokea pensheni. Watamtaka arudi kwenye lori.

— Lori lilikatwakatwa wakauza vyuma, Naiden alisema.

— Watakupa la kuigiza.

Kemia, ambaye hapendi kupitwa, alikubali sehemu ya ofisi ya pensheni, ila akaongeza kwamba watakaoumia zaidi ni wafu. Watu wakianza kuzeesha picha ovyo, baada ya miaka hamsini nani atajua nani alikufa lini? Mtoto atapanda makaburini, atakuta mtu wa leo kafifia, na mtu wa zamani, kwa kuwa familia yake ilikuwa na fedha za kumsafisha, anang'aa. Atamwekea mshumaa asiye wake.

Tarishi alipita na baiskeli. Alipofika mbele ya benchi aliona nani kaketi, akavua kofia, baiskeli ikayumba, akapita. Naiden alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Tarishi yule huwa hamvulii kofia hata kasisi.

Lakini mawazo ya Naiden yalikuwa yamekwenda kwingine. Alitazama saa ya mnara: saa tano kasorobo. Alikuwa akiwasikiliza wenzake kama mtu anavyosikiliza mvua nje akiwa kitandani, na ilimfaa hivyo. Kama angewaambia habari za Jumatatu, wangeacha utani. Wangeanza kumwambia maneno mazuri, na hilo asingeliweza. Alitaka jambo moja tu lipangwe kabla hajaingia kule: kwamba mtu akipita kaburini awaone wawili wale kama watu waliokaa siku moja, kwenye bustani moja, chini ya mwanga mmoja. Mengine yangejipanga.

— Radina, alisema, hiyo namba tatu unaweza kuizidishia wekundu kidogo?

— Naweza, Bai Naiden. Lakini tayari imefanana naye. Kuna kitu kingine hakijakaa, na mimi nimesogeza kila alama iliyomo. Sijui ni nini.

— Viazi, Kemia alisema.

Naiden aliinuka kwenda kuongeza kahawa. Basi la Lipovitsa lilikuwa limeingia kituoni, na abiria walikuwa wakishuka. Yeye aliwapa mgongo, akatia sarafu, akabonyeza kitufe chake, cha kahawa ndefu. Mashine ilinguruma, ikateremsha kikombe, ikatema matone matatu ya maji ya uvuguvugu, na taa nyekundu ikawaka. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akainama kutazama kwenye kitundu, kama kwamba kuna mtu humo ndani wa kuuliza.

Nyuma yake alisikia sauti ya mwanamke.

— Samahani, wazee wangu. Naiden wa tangi anazikwa saa ngapi?

Waziri, aliyejua kamati ilikaa siku ngapi na ilikula nini, alikazia macho kikombe chake. Kemia alitazama kucha zake. Radina alisimama kizingitini, kikombe kikimwagika mkononi.

Naiden aliinuka taratibu, akageuka. Mbele ya benchi alisimama Mitra wa Lipovitsa, aliyekuwa akipokea maziwa kwenye kituo cha kijiji chake miaka yote ile, akiyapima na kuyaonja kabla hajaruhusu hata tone liingie tangini. Alikuwa na gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, na mawaridi manne mkononi. Manne, kwa sababu kwa wafu huchukuliwa maua ya hesabu ya jozi, mawili au manne au sita. Aliye hai hupewa matatu au matano.

Mitra hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kama alivyokuwa akitazama ndoo anayoshuku imetiwa maji.

— Uko hai, alisema.

— Mpaka sasa.

— Basi nani kaniambia umekufa? Dereva wa basi kaiona karatasi yako ubaoni saa moja asubuhi. Picha, ukingo mweusi, jina, Jumatano. Kijiji kizima kinajua. Nimekata mawaridi yangu, nimefunga mbuzi, nimelia kilomita kumi na nane.

Wote wanne walimgeukia Waziri. Waziri aliutazama ubao, upande ule wa nyuma unaotazama kituo cha basi, kama vile ndiyo kwanza anauona. Alieleza, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, kwamba alitaka watu wengi waione. Na mahali ambapo watu wengi husimama bila kazi ni kituoni. Aliandika jina la Naiden ili wajue ni nani, na Jumatano kwa sababu kura zilikuwa za Jumatano. Maneno yaliyobaki, yale ya kuomba maoni, aliyaandika kwa penseli.

— Na ukingo mweusi? Naiden aliuliza.

Radina alijishika shavu.

— Ni wangu huo. Programu inaweka ukingo wa filamu, kama picha imetolewa kwenye mkanda wenyewe. Nilisahau kuuzima. Watu wa mijini wanaupenda.

— Mijini hawana ubao, Mitra alisema.

Kemia alikuwa amekwisha kupata nafuu.

— Tukubaliane jambo moja tu, alisema. Namba tatu imefaulu. Hakuna picha ya jiwe iliyowahi kuaminiwa na umma mapema hivi.

Waziri alikwenda mwenyewe kuibandua. Aliirudisha akiwa ameishika kwa ncha za vidole, akampa Naiden, lakini Mitra aliidaka kwanza. Aliweka mawaridi kwenye benchi, akavaa miwani, akaiangalia picha kwa mkono ulionyooka. Kisha akaomba ya Yovka. Naiden huwa nayo kwenye pochi. Mitra akaziweka pamoja.

— Rangi ni moja, alisema. Hapo sina neno. Binti, umefanya kazi.

Radina alianza kushukuru, lakini Mitra alikuwa hajamaliza. Alikuwa bado anatazama uso wa mwanamume.

— Ila wewe, Bai Naiden, hapa ulikuwa unaogopa nini?

Ilikuwa asubuhi nzima picha ile inajadiliwa. Walikuwa wamezungumza habari za vumbi, mifupa, kamati na pensheni. Walikuwa wamepima wekundu na chembechembe. Sasa wote wakainama juu ya mkono wa Mitra na kuona kitu ambacho kilikuwapo tangu namba moja: macho ya mtu anayesubiri kuitwa kwenye mlango. Radina alijua papo hapo kwamba hicho ndicho kilichokataa kukaa. Hakukuwa na alama ya kukisogeza.

Naiden alikaa. Alitazama kikombe chake chenye matone matatu ya maji.

— Jumatatu napasuliwa moyo, Plovdiv, alisema. Picha ilipigwa siku barua ilipokuja. Ndiyo maana nina haraka na jiwe. Uliuliza mazishi saa ngapi, Mitra. Kwa kweli sijui. Bado hawajanipangia.

Alingojea kwa hofu maneno mazuri yaanze.

— Siku ngapi unalijua hili? Waziri aliuliza.

— Tisa.

— Siku tisa umenikalisha hapa nizungumzie viazi.

— Viazi ni vya Kemia. Wewe ulikuwa kamati.

— Na daktari ametumia kamera gani kuuona huo moyo? Kemia aliuliza. Kama ni ya kisasa, sishangai ameona ubaya. Mwambieni Radina aupake filamu, Jumatatu wanaukuta una miaka thelathini na tisa.

Naiden alihisi kitu kifuani kikilegea, na hakikuwa moyo. Maneno mazuri hayakuja. Alikuwa amewadharau bure.

Mnara uligonga saa tano na nusu. Radina aliingia ndani mbio na kurudi na kamera shingoni.

— Bai Naiden, tuna nusu saa. Tupige nyingine?

Aliyejibu alikuwa Mitra. Alimvua Naiden kofia, akaitazama, akamrudishia. Akamwinulia kola. Kisha akachukua yale mawaridi, akachomoa moja, akamtia Waziri kwenye kitundu cha kifungo cha koti.

— Hili lako, alimwambia. Umekufa kidogo leo.

Matatu yaliyobaki akampa Naiden ayashike. Radina alipiga goti. Naiden akanyoosha mgongo, akakaza midomo, na macho yale yale ya mlangoni yakarudi. Radina alisubiri. Kemia akamshauri apumue, Waziri akamshauri asipumue.

— Sikiliza, Bai Naiden, Mitra alisema, akikunja miwani yake. Mimi mtu simlilii mara mbili. Ya kwako nimeimaliza leo kwenye basi. Ukienda kufa Jumatatu, utazikwa kimya.

Naiden alicheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka mawaridi yakatikisika na kofia ikashuka kwenye sikio, na ndani ya kicheko hicho kamera ililia mara nne.

Walijazana wote kwenye kidirisha cha nyuma ya kamera. Hakuna aliyesema neno kuhusu rangi. Naiden alitoa picha ya Yovka, akaishika pembeni ya ile mpya, akaona kwamba wanachekea kitu kimoja, ingawa kimoja kilitokea kwenye bustani mwaka 1986 na kingine mbele ya mashine mbovu.

— Hii, alisema. Tuma hii. Lakini kigae kikirudi Ijumaa mwashi asikiguse. Kiweke kwenye droo yako. Nikirudi kutoka Plovdiv nitakibandika mwenyewe.

— Na Jumamosi? Waziri aliuliza. Watu watapanda na ngano zao, watakuta kishimo kitupu.

— Si kitupu. Kina mteja.

Waziri aliiita mashine ya kahawa jina lisiloandikika, akaenda kuhangaika nayo ili Mitra apate angalau kikombe kabla basi halijarudi. Alibonyeza vitufe vyote sita kwa zamu. Taa nyekundu haikumjali. Radina alikuwa ameshafika kwenye kompyuta yake, mlango ukiwa wazi, na wote waliweza kusikia kipanya kikilia.

— Bai Naiden, aliita kutoka ndani, na filamu? Niipake ile ya namba tatu?

— Ipake. Wekundu, chembechembe, vumbi lako la asilimia kumi na mbili, vyote.

Naiden aliyanusa yale mawaridi matatu, akasogea kwenye benchi ili Mitra apate pa kukaa.

— Ukingo mweusi toa.